Chaki ya Mwalimu wa Hesabu

Mwalimu wa hesabu hakuwa na gari, hakuwa na kitambi, hakuvuta wala hakunywa, na tangu muhula uanze hakuwa na chaki. Baba hakuwa naye tena, wala kaka. Wote wawili walianguka kabla ya kutimiza miaka sitini, mishipa ya moyo imekakamaa kama bomba lililoshika chokaa. Yeye alikuwa na hamsini na minane. Akavaa koti lake la heshima, akaenda zahanati kuomba apimwe moyo mapema.

"Shikamoo, mwalimu," alisema nesi, ambaye alikuwa amejifunza kugawanya kwake. "Kifua kinabana?"

"Hakibani."

"Pumzi inakata?"

"Bado."

"Basi kipimo hicho ni cha wagonjwa. Urudi ukianza kuumwa."

"Kaka yangu alirudi, binti yangu. Alirudi amebebwa."

Nesi akaita mgonjwa mwingine.

Jumatatu iliyofuata mwalimu aligusa ubao kuonyesha pembe, na kidole kikaacha mstari mweupe. Basi akaandika hesabu nzima. Watoto wakanakili. "Mwalimu, saba yako haionekani," alilalamika mmoja wa nyuma, naye akaikoleza kwa kidole gumba.

Mkewe alilalamikia shuka. "Baba watoto, uwe unanawa kabla ya kulala. Kitanda kimekuwa kinu cha unga!" Kisha akamshika mkono, akaubonyeza. "Huu ni mshipa au msumari?" Safari hii hakutania. "Rudi kule."

Akarudi. Daktari alikishika kile kidole, akaandika nacho saa za kliniki kwenye ubao wa matangazo, akaridhika na mwandiko.

"Chaki ni mambo ya elimu," alisema. "Sisi ni afya."

Mwalimu akaiandikia ofisi ya elimu. Barua ilikuwa fupi na haikuwa na kosa hata moja. Aliuliza kama na wao hungoja nyumba iungue ndipo watafute maji. Walimjibu kwamba hakuna fungu la kumpima mtumishi mzima, wakamtakia afya njema.

Shuleni mambo yalinyooka. Madarasa ya jirani yakaanza kumwazima. "Tunaomba mwalimu wa hesabu, tukimaliza tutamrudisha." Alikuwa akipanda ngazi, anasimama katikati, anashika ukuta, anaendelea. Ukuta ukajaa viganja vyeupe.

Siku moja aliingia kwa mwalimu mkuu, akamkuta anakunja barua.

"Karibu, mzee wangu. Nawaambia ofisini wasituletee chaki tena. Fungu letu wanunulie mapazia ya ukumbi wao, wameyaomba muda mrefu."

"Naomba ruhusa niende hospitali. Ngazi zinanishinda. Sasa nimefuzu kuwa mgonjwa."

"Leo? Na watoto wataandikiwa na nini?"

Mwalimu alingoja acheke. Mwalimu mkuu hakucheka.

"Vumilia mpaka shule zifungwe," alisema, akaitia barua kwenye bahasha. Aliilamba, haikushika. Akailamba tena. "Gundi yenyewe ya zamani. Hebu nisaidie kidole chako."

Mwalimu wa hesabu alikitoa kidole, kama alivyotoa vingine vyote. Akakipitisha juu ya mate ya mkubwa wake, taratibu, kutoka pembe hadi pembe, na bahasha ikashika kama tofali. Tarishi akaipokea, akajipangusa vumbi jeupe kwenye suruali, akapanda baiskeli, akaipeleka.