Usingizi wa Lotukoi

Jumatatu moja ya Agosti, mwaka 1976, Dahir alifungua stoo yake ya ngozi mjini Isiolo akakuta marobota matano ya ngozi za mbuzi hayapo. Kufuli ilikuwa nzima. Mlinzi wake, Lotukoi, alikuwa ameketi mlangoni, rungu magotini, macho makavu.

"Shemeji yako alikuja jana jioni na ufunguo," Lotukoi alisema. "Kahin. Mimi nilimsaidia kupakia kwa lori."

Lotukoi hakuona sababu ya kumhoji Kahin. Shemeji wa mwenye mali akija na ufunguo, mlinzi hushika upande wa pili wa robota. Dahir naye aliamini papo hapo, maana Kahin alikuwa ndugu wa mkewe, Sahro, na ufunguo alikuwa amempa yeye mwenyewe.

Sheria ya walinzi iliachwa na Mwingereza. Kila mlinzi wa usiku alipiga dole gumba kwenye kitabu, akapewa beji ya shaba, kisha akakabidhi usingizi wake ofisini ili asije akalala kazini. Ulitiwa kwenye bahasha ya kaki ukafungiwa kabatini. Asubuhi mlinzi alipita kuuchukua akalale, na saa kumi na moja jioni aliurudisha. Jumapili ofisi ilifungwa, kwa hiyo Jumapili walinzi wa Isiolo hawakulala. Uhuru ulipokuja picha ya malkia ilishushwa ukutani, lakini kabati hakuna aliyeligusa.

Wizi ukitokea, tajiri alikwenda kujaza fomu. Swali la kwanza lilikuwa kama mlinzi alilala. Ukijibu hapana, mstari uliofuata ulitaka jina la mwenye ufunguo. Dahir alishika kalamu mbele ya karani, Jaldesa, mpaka chai ya Jaldesa ikapoa. Hatimaye akaandika "Ndiyo".

Jaldesa aliisoma fomu. "Usingizi wake uko hapa kwa kabati tangu Jumamosi, mzee."

"Najua."

"Sawa," Jaldesa alisema, akagonga muhuri. Fomu haikuwa na mahali pa kuandika habari za kabati.

Lotukoi alivuliwa beji. Usingizi wake, kwa kifungu cha sheria hiyohiyo, ukawa mali ya tajiri kama fidia, na Dahir akatoka na bahasha mkononi. Ilikuwa na joto kidogo, kama chapati iliyofungwa kwenye gazeti.

Hakukusudia kuutumia. Aliona aibu. Lakini aibu hiyohiyo ilimnyima usingizi wake mwenyewe, akawa anakosea kusoma mizani mbele ya wateja. Wiki ya tatu, baada ya chakula cha mchana, aliifungua bahasha. Alilala mpaka adhana ya alasiri, na hakuwahi kulala vizuri vile tangu azaliwe. Aliota ng'ombe wakishuka mtoni, na mwanamke mwembamba, shanga zimemfika kidevuni, akimpa maziwa kwenye kibuyu.

"Umeongea Kiturkana," Sahro alimwambia alipoamka.

"Mimi sijui Kiturkana."

"Sasa unajua."

Sahro alikunja mkeka na hakuuliza tena. Kahin alikuwa ndugu yake wa tumbo moja.

Bila beji hakuna aliyeruhusiwa kumwajiri Lotukoi awe mlinzi, ingawa mji mzima haukuwa na mtu aliye macho kuliko yeye. Alisukuma mkokoteni wa maji. Alisukuma mchana na usiku, maana hakuwa na jingine la kufanya, na watu walimsifu kwa bidii yake. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Isiolo waliishia nusu ya kwanza.

Mwaka 1983 Dahir alirudi ofisini. Alikuwa amenawiri, mashavu yamejaa. Jaldesa alikuwa ameota mvi kwenye meza ileile.

"Nataka kuurudisha," Dahir alisema.

"Fomu iko. Lakini hiyo inaanza na ule mstari wa ufunguo. Wewe andika jina tu, mzee, na huyo mtu leo leo analala."

Dahir aliandika K. Akaiangalia ile herufi. Alimwona Kahin korokoroni, akamwona Sahro akifunga virago kurudi kwao Merti na watoto wanne. Akafunika kalamu, akasema atakuja kumalizia baada ya Ramadhani. Alijua anasema uongo, na moyo ulimuuma kweli. Ulimuuma njia nzima, mpaka akafika nyumbani akalala.

Tangu mwaka huo Lotukoi alizoea kuegesha mkokoteni mbele ya stoo kila Ijumaa, baada ya alasiri.

"Habari, mzee. Umelala?"

"Nimelala."

"Ng'ombe wamefika kwa maji?"

"Wamefika. Yule mwekundu anachechemea."

"Mguu gani?"

"Wa nyuma. Kushoto."

Lotukoi alifikiri kidogo habari za mguu huo. "Na mama?"

Mama yake Lotukoi alikufa kabla mwanawe hajaandikishwa ulinzi. Usingizini ndiko walikokuwa wakionana.

"Yuko," Dahir alisema. "Leo ameniuliza nitarudi nyumbani lini. Ananiita Lotukoi."

Lori la kwenda Ngaremara lilipita, wakangoja vumbi litulie.

"Unamjibu nini?"

"Namwambia kesho."

"Anafurahi?"

"Anafurahi sana." Dahir alitazama chini, kwa sababu mbele ya macho yale mekundu hakuweza kutazama kwingine.

"Basi mwambie hivyo hivyo," Lotukoi alisema. "Yeye haoni vizuri. Asijue."

Akashika mkokoteni, akaenda zake na maji ya watu. Kesho yake, baada ya chakula, Dahir alilala, na yule mama alipomwita Lotukoi, aliitika.