Majembe Yaliyomtazama Ardith

"Hivi Ardith, mbona majembe yote ya kituo cha zimamoto yanalala yakiangalia kwako?" Bernice, jirani wa ng'ambo ya barabara, aliuliza hivyo siku moja wakimenya viazi vya chakula cha kanisani.

"Yamezoea," Ardith alijibu, akaendelea kumenya.

Ilikuwa kweli. Mzima moto akilaza jembe lake chini, popote pale katika milima ya Montana, lilijizungusha polepole mpaka makali yakaelekea nyumbani kwa Ardith, kisha likatulia. Hakuna aliyeshangaa. Vijana walilalamika tu kwamba ukiliegemeza ukutani linaanguka.

La kwanza alilitengeneza marehemu mumewe, Wendell Hruska, naye mzima moto, gerejini kwake: upande mmoja jembe, upande wa pili meno ya reki, ili mtu anayekata njia ya kuzuia moto asibebe zana mbili. Alichomelea diski kuukuu ya plau, akaukata mpini tena na tena mpaka mgongo ukaacha kumuuma. Kisha akampa kiongozi wa kikosi chake, Lyle Tollefson, alifanyie majaribio. Kwa wazima moto wa msituni, zana huitwa kwa jina la aliyeibuni. Hawana heshima kubwa zaidi ya kupeana. Kiangazi kile kile, mti uliokuwa ukiungua ukamwangukia Wendell. Lyle alibeba jeneza, akalia kuliko wote. Theluji ilipoyeyuka, majembe yakaja kutoka kiwandani, kila moja limegongwa chapa: TOLLEFSON.

Ardith alisali, akanyamaza. Sasa alikuwa anafungasha ahamie kwa bintiye katika mji wa mbali wa Spokane, ndipo Lyle akaja, akakalia kiti cha Wendell, akapokea kahawa.

"Shemeji, nasikia unahama."

"Umesikia vizuri."

"Usihame. Vijana wakipotea moshini wanalaza jembe chini, wanajua mji uko wapi. Ukiondoka yatageukia huko. Watu watakufa, shemeji."

"Kumbe unajua yananitafuta mimi, si mji."

"Nani asiyejua? Hata kwenye tangazo tumeweka: Jembe la Tollefson litakurudisha nyumbani."

Ardith alilitazama jembe la kwanza, lile la Wendell, limelala karibu na mlango, makali yakimwelekea. Akawafikiria watoto wa watu ndani ya moshi. Akavuta sanduku, akaanza kutoa sahani na kuzirudisha kabatini.

"Nitakaa. Kwa ajili yao, si yako."

"Mungu akubariki, shemeji."

"Mungu tumwache kwanza. Wewe ulimwita Wendell ndugu yako. Niambie basi, hapa hapa, mbele ya jembe lake: hii zana inaitwaje?"

Lyle alimaliza kahawa. Akasuuza kikombe, kama alivyozoea katika nyumba ile, akakifudikiza kando ya sinki. Akavaa kofia, akauruka mpini uliolala mlangoni, akatoka.