Mwaka wa Kompyuta ya Nashoni

Alhamisi moja ya mwezi wa sita, mwaka 2009, Waisiko wa Kemambo alishuka kwenye lori la mkaa pale Tarime mjini akiwa na kompyuta ya mezani kichwani, kaifunga kwa khanga kama mtu anayepeleka mgonjwa zahanati. Akaenda moja kwa moja kibandani kwa Hamidu, fundi wa redio na kompyuta, akaitua juu ya meza.

"Shikamoo mama," Hamidu akasema.

"Marahaba, baba. Sitaki uitengeneze. Nataka uniambie imezaliwa mwaka gani."

Saida, muuza chai wa kibanda cha pili, akacheka mpaka sufuria ikatikisika. "Kha! Umri wa nini, bibi? Unataka kuiozesha?"

"Ingekuwa ya kuozeshwa ningekuja kwako, binti. Naona wewe bado uko sokoni."

Saida akarudi kwenye sufuria yake. Hamidu akamvutia mama yule kigoda. Akakaa, akaeleza taratibu, kama mtu ambaye maneno yake ameyapanga njia nzima.

Alikuwa na mtoto mmoja, Nashoni. Miaka ile watu walipokuwa wanaacha ng'ombe zizini na kukimbilia dhahabu, Nashoni naye alikimbia. Kabla hajaingia kwenye duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo, alimwahidi mama yake kwamba akipata atanunua kompyuta, afungue ofisi ya kuchapa barua za watu, asishike tena sululu. Mwezi wa nne mwaka 2001 mvua ikanyesha siku tatu, duara likaanguka. Wenzake watatu wakatoka. Yeye hakuonekana, wala kiatu chake. Mwaka ulipopita, ukoo ukakata shina la mgomba, ukalivisha shati lake, ukalizika. Wakanyoa nywele. Mambo yakaisha.

"Sasa Jumatatu hii," Waisiko akasema, "lori ambalo hakuna anayelijua limeacha sanduku hili dukani kwa Simioni. Juu yake pamebandikwa karatasi."

Akaitoa kifuani. Iliandikwa kwa kalamu ya bluu: *Mama, hii ni ile niliyokuahidi. Jumamosi nakuja. Nashoni.*

"Mwandiko wake?"

"Wake. Hiyo N ameipinda hivyo tangu darasa la kwanza, fimbo za mwalimu zilishindwa kuinyoosha."

"Basi Mungu mkubwa, mama."

"Ngoja. Kwetu mtu aliyezikiwa mgomba akirudi mzima, hapiti mlangoni. Unambomolea ukuta wa nyuma, anaingia kwa tundu kama anayezaliwa. Akipita mlangoni, mmoja wa nyumba ile anakwenda kaburini badala yake. Lakini ukibomoa ukuta, kumbe yule amekufa kweli, umewafungulia njia wafu wote wa ukoo. Sasa nibomoe, nisibomoe? Mashine ikiwa ya kabla duara halijaanguka, basi aliinunua zamani, ikakaa kwenye stoo ya mtu huko Sirari na karatasi yake, mwanangu ni marehemu. Ikiwa ya baadaye, aliyeinunua yuko hai. Wanasema wewe unajua kuzisoma."

Hamidu alijua. Alifundishwa na marehemu Abdurahmani, aliyekuwa akisema kompyuta haina umri wa bati lake, ina umri wa kifaa chake kichanga kuliko vyote. Kwa hiyo usitamke mwaka kabla hujasoma vyote. Alilijua neno lile kama Alhamdu.

Akaanza na nje. Kibandiko cha nyuma kilikuwa kimekwanguliwa. Rangi ilikuwa ile ya zamani, nyeupe iliyogeuka kama meno ya mvuta tumbaku, na mbele kulikuwa na mdomo wa disketi. Akafungua parafujo nne, akainua ubavu.

Hapo akasita. Kompyuta za Tarime ukizifungua unakuta vumbi jekundu, mayai ya mjusi, mende waliokauka. Hii haikuwa na chembe. Ilitoa harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi, udongo wa chini ambao jua halijawahi kuuona, na bati lilikuwa baridi wakati kibanda kizima kilikuwa kinaungua kwa jua la saa saba.

Akasoma. Kwenye vifaa vyeusi vya ubao mkubwa pana tarakimu nne: mbili za kwanza mwaka, mbili za mwisho wiki. 0038. Mwaka 2000, wiki ya thelathini na nane. Kingine, 0041. Hadidiski ilikuwa na tarehe yake kamili, Januari 2001. Kipande cha memori, 0044. Nyuma ya waya kulikuwa na kipande cha pili cha memori, lakini vidole vyake vilikuwa vimeanza kufa ganzi kwa ule ubaridi, na mwadhini alikuwa ameshaanza. Vipande viwili vya memori aghalabu ni mapacha.

"Vingi ni vya mwaka 2000, mama," akasema. "Kilicho kichanga ni cha Januari, 2001."

Waisiko akahesabu kwa vidole. Januari, Februari, Machi, Aprili.

"Kabla," akasema.

"Kabla. Pole, mama."

"Basi ukuta nauacha." Akaikunja khanga yake, akaivaa begani. Machozi hayakutoka. Machozi ya Nashoni aliyamaliza zamani. "Mashine baki nayo. Sitaki kulala nayo chumba kimoja."

Siku ya pili, Ijumaa, Hamidu aliona aiwashe tu, ajue kama inafaa kuuza. Betri ya saa ilikuwa imekufa, akaing'oa. Kompyuta isiyo na betri husahau: ukiiwasha hurudi kwenye mwaka wake wa kuzaliwa, ikaanzia hapo kuhesabu upya, haijui kilichopita. Hii nayo ikawaka ikaandika 2000. Sawa. Lakini ilikuwa inalia, mlio mmoja mrefu, kama mbuzi aliyefungwa mbali. Mlio ule ni wa memori iliyolegea. Akaizima, akasukuma waya pembeni, akakichomoa kile kipande cha pili.

0631.

Akakifuta kwa shati. Akakipeleka juani.

"Saida, hebu nisomee hapa."

"Sifuri, sita, tatu, moja. Kwani umepofuka?"

Mwaka 2006, wiki ya thelathini na moja. Miaka mitano baada ya duara kuanguka, mkono wa mtu ulikuwa umekipachika kipande kile mahali pake. Na upande wake wa pili, ambao hakuufuta, kulikuwa na alama ya dole gumba, ya tope la kijivu lililokauka.

Akaomba namba ya Simioni kwa madereva wa mkaa, akampigia. Simu haikupatikana. Akapiga mpaka usiku. Haikupatikana. Jumamosi alfajiri akakodi pikipiki, ikapasuka gurudumu mara mbili njiani, na alipofika Kemambo ilikuwa saa nane, jua kali, hakuna jogoo wala mbwa aliyetoa sauti.

Kwanza aliliona kaburi. Lile shina la mgomba lilikuwa limechipua miaka ile, likawa kichaka cha migomba ambayo hakuna aliyethubutu kula ndizi zake. Sasa yote ilikuwa chini. Haikukatwa. Ilikuwa imesukumwa kutoka chini, mizizi inatazama juu, na katikati pana shimo lenye maji ya kijivu.

Waisiko alikuwa ameketi kizingitini. Nyayo za matope zilianzia kwenye shimo, zikapita ubavuni mwake, zikaingia mlangoni.

"Shikamoo mama. Nilikosea. Kuna kifaa sikukisoma. Ni cha mwaka 2006. Mama, alikuwa hai, bomoa..."

"Amekuja asubuhi," akasema. "Amekula ugali sahani mbili. Nenda kamwone."

Ndani, kwenye kitanda cha kamba, alilala kijana wa miaka ishirini na mbili. Kijana. Nashoni alipaswa kuwa na thelathini. Hamidu akamgusa bega. Lilikuwa na joto, na moyo ulikuwa unapiga. Kijana akafumbua macho.

"Wewe ndiye fundi? Mashine yangu imewaka? Ile memori nimeinunua wiki iliyopita tu."

"Wiki iliyopita ya mwaka gani, ndugu yangu?"

Nashoni akacheka. "Maswali gani hayo? Elfu mbili na moja. Nisamehe, nimechoka, mvua ya juzi ilitubana sana kule chini." Akageukia ukutani, akalala.

Hamidu akatoka nje.

"Ulimwona anakuja, mama. Kwa nini hukumwambia azunguke, asubiri ubomoe?"

"Mwanangu amesimama mlangoni, ameloa, ana njaa, ananiita mama. Wewe ungemwambia asubiri nitafute jembe?"

"Ni kosa langu."

"Lako, ndiyo." Alisema bila hasira, kama anayetaja jina la mto. "Lakini nyumba hii ina watu wawili, fundi. Na yule wa ndani alishakufa mara moja."

Akainuka kwa kushikilia mwimo, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na jembe.

"Nibomolee ule ukuta sasa. Tundu la kutosha mtu aliyelala. Sitaki maiti yangu ipitishwe mlango alioingilia yeye, kaburi lisije likamwita tena."

Hamidu akalipokea jembe. Akazunguka nyuma, akapiga mara ya kwanza, udongo ukamwagika, na mwanga wa mchana ukaingia ndani ukamwangukia kijana aliyelala. Hakuamka.

"Panua kidogo hapo begani," Waisiko akasema. Alikuwa amejilaza chini kwenye majani, anajipima.