Kituo Chetu Wenyewe

Phulkumari ndiye aliyegundua kwanza kwamba mpini wa pampu ya maji haupo. Alirudi na mtungi mtupu, asimwambie mtu.

Kiti cha ubunge cha jimbo lile kilikuwa cha ukoo wa Rudra Singh tangu enzi za babu yake. Miaka yote watu wa kitongoji walipiga kura kwenye kijiji kikubwa, kura zao zikachanganyika na za wengine. Safari hii walipewa kituo chao wenyewe cha kupigia kura, wakapiga ngoma kwa furaha. Hawakukumbuka kwamba matokeo husomwa kituo kwa kituo.

Asubuhi hiyo gari la jeep lilisimama kitongojini. Ramadhar, mtu wa Singh, alikuwa ameupakata ule mpini.

"Kura zenu zote kapata Mheshimiwa, ila moja. Imekwenda kwenye cherehani, alama ya wapinzani! Nani fundi nguo hapa?"

Watu wakacheka kwa woga.

"Bibi Sugiya, si wewe? Mdomo wako naujua."

"Mwanangu, hata wali kwenye sahani siuoni, cherehani nitaionea wapi?"

"Basi maji mtayanywa mkishamtoa huyo mtu."

Minong'ono ikaanza. Jirani mmoja akasema, "Ni huyu kizee tu, nani mwingine?" Wawili wakamshika Sugiya mikono, wakamsukuma kuelekea kwenye gari.

Tangu aolewe hapo, Phulkumari hakuwahi kunena mbele ya wanaume. Alivuta ushungi ukamfunika uso, akasogea mbele.

"Mwacheni bibi. Ni mimi, kaka. Kitufe cha cherehani kwenye mashine ya kura nilikibonyeza mimi, na nilikuwa najua ninachofanya."