Chapa Yenye Moshi

Magodoro yalikwisha kupakiwa kwenye lori. Séraphine Jacquemet alikuwa akiifungia sufuria ya polenta, ugali wa mahindi wa kwao, ndani ya shuka pale jirani yake, Fernande, alipoingia bila hodi kuja kupima madirisha. Nyumba hii ilipata jua kuliko yake, na kiwanda kilishampa.

"Usinichukie, shoga. Nisingeichukua mimi, angeichukua mwingine."

"Nani kakuchukia? Pima tu. Pazia zako zitatoka fupi, kama kawaida yako."

Alisema hivyo, lakini wivu ulikuwa ukimtafuna tangu mume wa Fernande alipopewa picha. Katika bonde lile la kuyeyushia alumini, aliyemaliza miaka yake tanuruni akiwa hai alipewa picha nyeusi na nyeupe: kiwanda, mabomba yake marefu ya kutolea moshi, milima nyuma. Mwenye picha ukutani hakuhamishwa, yeye wala mjane wake. Na aliyeuchonga ubao wa kuipigia chapa hakuwa mwingine ila Anthelme, mumewe Séraphine. Kifua kilimuua kabla hajastaafu.

Bwana Michoud, msimamizi wa nyumba za kiwanda, alipokuja kuchukua funguo, Séraphine alitoa karatasi kifuani akaigandamiza ukutani kwa viganja viwili.

"Nami ninayo! Mkono wa Anthelme huu. Shusheni magodoro."

Michoud aliisogelea. Ilikuwa chapa ya kwanza kabisa. Juu ya mabomba wino ulitanda mzito, ukaufunika mlima mpaka kiunoni.

"Mama, hii si yetu. Yetu haina moshi."

"Si ninyi mliomwambia auchonge moshi utoke ubaoni?"

"Ndiyo. Alipoutoa ndipo ikawa yetu."

Séraphine akamgeukia Fernande. "Mwambie wewe, unayefua nguo mara mbili. Moshi upo, haupo?"

Fernande aliviringisha utepe wake wa kupimia, polepole.

"Mimi yangu iko ukutani, shoga. Mbingu yake nyeupe."

Séraphine alihamia Lyon kwa dada yake, akapiga deki ngazi za watu mpaka magoti yalipokataa. Michoud alipandishwa cheo. Mume wa Fernande alikufa kwa kifua. Fernande alibaki na nyumba. Misonobari ya juu ya kijiji ilikauka yote, ikakatwa, na kiwanda kikawagawia wafanyakazi kuni za Krismasi. Walipanga foleni kushukuru.