Siku Uzito Alipohamia Nyuma

Jana usiku, sijui hata kama nilikuwa nimemaliza kuvuta blanketi, nikaota niko kwenye mstari wa kuanzia mbio za robo maili, ndani ya gari langu jekundu. Nimevaa nguo za kulalia. Hakuna aliyeshangaa.

Pembeni, ndani ya gari lake, yuko Mzee Kirwa, fundi aliyenifunza kazi. Amenishinda mara tatu, na tulikubaliana mbele ya mafundi wote kwamba nikishindwa ya nne, nashusha kibao cha gereji yangu na kurudi kwake kuosha vyuma. Mimi, Chemtai, mwenye gereji miaka sita! Hasira na hofu vilinijaa kifuani.

Taa inawaka kijani. Nakanyaga mafuta. Tairi za nyuma zinasota palepale, moshi unajaa. Mzee Kirwa anaondoka kwa mwendo wa kobe, kwa kuwa ni ndoto, na kunipungia mkono.

"Punguza kelele, mwanangu," sauti inasema.

Kiti cha abiria kimekaliwa na mama mnene mno, mwenye godoro, sufuria nane na mbuzi.

"Mimi ni Uzito wa gari lako. Ukikanyaga, sheria inanitaka nihamie nyuma nikazikalie tairi, zishike lami. Nimefunga mizigo tangu Januari. Mlango haufunguki."

Nageuka. Nyuma ya viti ni korido ya nyumba ya kupanga. Mlango wa mwisho umezibwa na raba nene, zile tunazopachika kwenye springi ili gari liinuke lisikwaruze matuta.

"Nani kaziweka hizi?"

"Wewe," springi zinajibu kwa pamoja. "Umeyaogopa matuta ya mtaani kwenu mpaka kwenye uwanja usio na tuta hata moja. Hatuwezi kujikunja."

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Nazing'oa raba kwa meno. Zina ladha ya maandazi ya juzi.

"Na sisi?" zinauliza shokomzoba za mbele, zile zinazotuliza mtikisiko wa gari. "Ulitukaza hadi mwisho, ukidhani gari la mbio sharti liwe gumu. Tulegeze tunyooke, pua ipande, mama apate mteremko."

Nazilegeza kwa kucha. Pua inapanda, korido inainama, na Mama Uzito anateremka na godoro, sufuria na mbuzi wake. Anaketi.

"Karibu mama," zinasema springi.

"Haya, twende," zinasema tairi.

Tukachomoka! Barabara ikawa harusi ya binamu yangu. Tukapita katikati ya meza za pilau, hakuna soda iliyomwagika. Bibi harusi akapiga kigelegele. Mbele nikamkuta Mzee Kirwa, nikampita.

"Nani kakufundisha hayo?" akapaza sauti.

"Ni wewe, mzee. Springi zimesahihisha tu."

Nikavuka mstari nikilia kwa furaha, sijali nani ananiona.

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshatoka, na mume wangu Barasa alikuwa ananikodolea macho.

"Mama Neema, hiyo alama umeitoa wapi?"

Nikaenda kwenye kioo. Kutoka bega la kulia hadi kiunoni, ngozi ilikuwa imebonyea mstari mpana ulionyooka, upana wa mkanda wa kiti cha gari.

"Mbio zako na Mzee Kirwa ni saa ngapi leo?" akauliza.

"Saa nane," nikamjibu nikiwa mlangoni, jeki mkononi. "Chai yangu funika, nazing'oa kwanza raba za springi."