Nyuzi Ishirini na Nne, Upande wa Nje

Jumanne ya pili ya Januari, saa mbili asubuhi, Senga Rafferty alimvisha mumewe sweta ya tatu, akamfunga skafu shingoni, akamwekea chupa ya maji ya moto miguuni, kisha akasoma kipimajoto kilichoning'inia juu ya kitanda. Nyuzi tisa. Hita ilikuwa ikiwaka tangu alfajiri. Akachukua bakuli, akatoka, akazunguka hadi kichochoroni, upande wa pili wa ukuta uleule, akachuma nyanya za kifungua kinywa.

Nyanya zilikuwa zimekubali sana mwaka huo. Nyumba ya Senga ilikuwa ya chini, mwisho wa jengo, na ukuta wake ulikuwa mawe matupu, hayana kitu ndani wala nje. Joto lote alilowasha lilipita humo bila hata kuaga, likaenda zake kichochoroni. Miaka yote lilikuwa likitawanyika. Tangu Novemba liliamua kubaki. Theluji ilianguka Mtaa wa Ravenhall wote, lakini ilipofika hatua sita kutoka kwenye ukuta iligeuka manyunyu ya uvuguvugu. Nasreen wa ghorofa ya tatu alianika nguo zake pale, zikakauka kabla ya adhuhuri. Mleta barua alikula mkate wake pale, vifungo wazi. Hakuna aliyeshangaa. Mjadala ulikuwa kwamba nyanya za ukutani zina ngozi ngumu kidogo.

Bertie, mumewe, alifanya kazi miaka thelathini na mmoja kwenye karakana za meli kando ya mto Clyde. Kazi yake ilikuwa kuyavalisha mabomba ya mvuke asbesto yasipoteze joto. Jioni alirudi mweupe kama mtu wa kinu cha unga, na Senga akamkung'uta mlangoni huku wakicheka. Waliojua kwamba vumbi lile la asbesto huua hawakuwaambia. Sasa ule unga ulikuwa umejenga mapafuni mwake, na daktari alisema bila kuzungukazunguka: chumba kisishuke chini ya nyuzi kumi na nane, la sivyo mzee hataiona Aprili.

"Nimezivalisha makoti nusu ya meli za dunia," Bertie alipenda kusema, pumzi ikimkatikia njiani. "Ukuta wangu mwenyewe uko uchi."

Serikali ilikuwa na ruzuku kwa watu kama wao. Mabango yake yalikuwa mji mzima, bibi na babu wakinywa chai huku wakitabasamu. Ofisi ya Nyumba Vuguvugu ingekuja kuuvalisha ukuta kwa ndani na kufunga hita mpya, bure kabisa. Senga aliomba mwezi wa Septemba. Alijaza kurasa kumi na tisa kwa herufi kubwa, akaambatisha barua ya daktari, na walipompigia kumwambia barua ya daktari imepotea, akaenda kuomba nyingine. Walipoipoteza na hiyo, akaenda tena.

Mkaguzi alifika wiki ya tatu ya Januari. Aliitwa Fraser Gilchrist, kijana mwenye adabu, na koti la manjano linalong'aa. Senga alimfungulia mlango, chai ikiwa tayari. Gilchrist hakuvuka kizingiti. Alieleza kwa upole kwamba kwa usalama wa wagonjwa wa mapafu, mkaguzi haruhusiwi kuingia nyumba yenye mgonjwa wa mapafu. Ukaguzi unafanyika nje.

Basi wakaenda kichochoroni. Gilchrist alivua koti, akavua na sweta, akaikabili nyumba na kamera yake ya kupimia joto. Kwenye kioo cha kamera ukuta mzima ulikuwa mwekundu. Alisubiri nyuki apite, akapima tena, akaandika.

"Ishirini na nne," alisema. "Kiwango ni kumi na nane, mama. Mmevuka."

Senga alimwambia kuwa hilo ndilo joto lake yeye, limetoroka, ndani ni tisa, aje achungulie hata dirishani.

"Najua, mama," alisema Gilchrist. Na kweli alijua, ndilo jambo linalochoma zaidi. "Mtu yeyote anaona kwamba linatoka. Lakini kisanduku kinauliza ukuta una nyuzi ngapi. Hakiulizi kwa nini."

"Na mzee wangu anaulizwa kwenye kisanduku gani?"

Gilchrist aliipekua fomu mbele na nyuma, kwa uaminifu kabisa. Hakukuwa na kisanduku. Senga akampa nyanya mbili aende nazo, maana hakulelewa kumwacha mgeni aondoke mikono mitupu, ingawa moyoni alitamani kumtwanga nazo.

Barua ilikuja baada ya siku nne. Ilimpongeza kwa kuwa na nyumba yenye joto. Kukata rufaa kungechukua wiki kumi na mbili. Senga alihesabu wiki hizo kwa vidole, akafika katikati ya Aprili, akaacha kuhesabu.

Alichofanya kilikuwa cha mtu mwenye akili zake. Kama joto limehamia nje, mgonjwa naye ahamie nje. Yeye na Nasreen walibeba kitanda vipande vipande, wakakiunga tena chini ya ukuta, kati ya nyanya na kamba ya nguo. Bertie alilala pale akiwa na shati tu. Siku ya pili rangi ilimrudia. Siku ya tano alikohoa mara tatu tu kutwa nzima, na akamtania mleta barua kwamba anatembea kama bata aliyestaafu.

Shida ilikuwa kwamba mtu mgonjwa haachwi peke yake kichochoroni, na Senga alikuwa na miaka sabini na mmoja. Hapo ndipo kadi ilipoingia. Jengo lilikuwa na nyumba nane na ngazi moja, na kwa miaka yote ambayo mtu yeyote aliweza kukumbuka, kadi moja ya bati ilizunguka mlango hadi mlango. Ilikuwa imeandikwa: NI ZAMU YAKO KUOSHA NGAZI. Ukiikuta kwenye kitasa chako, unaosha wiki hiyo, kisha unaitundika kwa jirani. Watu walikuwa wameruka misa, kura, na hata harusi za watoto wao, lakini kadi hawakuiruka. Nasreen alichukua kalamu, akaongeza chini: NA KUKAA NA BERTIE. Hakukuwa na mkutano. Kadi ilizunguka, na kila aliyeipata alishuka na kiti chake. Hata yule bwana wa ghorofa ya nne, ambaye hakuwa amesalimiana na mtu tangu mwaka wa mafuriko, alishuka na karata.

Februari ilipoanza, Ofisi ya Nyumba Vuguvugu ilisikia habari za kichochoro. Walikuja watu wanne na mpiga picha. Walimpiga Bertie picha akiwa kitandani kwa shati, nyanya nyuma yake, theluji juu ya mapaa. Picha ikatoka kwenye jalada la kijitabu chao, na chini yake maneno: Nyumba vuguvugu, maisha mapya. Senga alikisoma kijitabu mwanzo hadi mwisho akiitafuta ruzuku yake, kana kwamba wangeweza kuwa wameiweka humo.

Wiki iliyofuata waliweka kibao cha shaba ukutani na benchi chini yake, kwa ajili ya wageni waliokuja kuuona. Kitanda, walisema, kinaziba njia ya umma. Walikirudisha ndani wenyewe, kwa uangalifu mkubwa, wakifunika sakafu kwa turubai wasichafue. Benchi ilikuwa na vishikio vitatu vya chuma katikati ili mtu asiweze kujilaza. Bertie alijaribu kukaa. Mtu mwenye mapafu yale hakai wima zaidi ya dakika kumi. Walimrudisha kwenye nyuzi tisa, na majirani wakaendelea kushuka na kadi, ila sasa walikaa naye wakiwa na makoti na glavu.

"Mabomba yangu hayakuwahi kuvuja," Bertie alimwambia mkewe alasiri moja. "Hata moja, Senga. Waulize."

"Najua, mzee."

Alikufa Alhamisi ya mwisho ya Februari, mchana, mkono mmoja ukiwa umeugusa ukuta. Upande wa pili watalii wawili walikuwa wakila aiskrimu.

Baada ya mazishi Senga alizima hita. Hakuona sababu ya kuwasha. Maji yaliganda kwenye glasi kando ya kitanda. Ukuta, upande wa nje, haukupoa hata kidogo. Nyanya zikaendelea, na kando yake ukachomoza mzabibu ambao hakuna aliyeupanda. Nasreen alisema pengine ukuta umeshazoea. Senga aliweka kiganja mahali ambapo, kwa upande wa ndani, mkono wa Bertie ulikuwa, akakuta hapo pana joto kuliko kwingine, akakaa hivyo mpaka chai yake ikaingia nyuki.

Gilchrist alirudi katikati ya Aprili, kwa sababu ya rufaa ambayo Senga alikuwa ameituma hata hivyo. Safari hii alivuka kizingiti. Aliruhusiwa sasa, kwa kuwa ndani hamkuwa tena na mgonjwa wa mapafu. Alipita kwenye ngazi za kuingilia jengo, zilizooshwa asubuhi ile, maana kadi ilikuwa kwa Senga, akaacha nyayo za tope hadi chumbani. Pumzi yake ilitoka kama moshi. Alikisoma kipimajoto. Nyuzi mbili. Alisimama kando ya kitanda kilichotandikwa.

"Pole sana, mama," alisema. "Ningependa kuandika hii. Lakini kwa mtu mmoja asiye na ugonjwa, ndani hatupimi."

"Ulijua," Senga alisema. Hakupaza sauti. "Ulisimama pale na nyanya zangu mkononi, na ulijua. Waliompa ule unga nao walijua. Nyinyi mnajua sana."

Gilchrist alizunguka kichochoroni kama fomu ilivyotaka, akapima, akaandika ishirini na nne, akaenda.

Senga alizitazama zile nyayo kwenye ngazi. Alichukua ndoo, akairudisha chini. Kisha akaitoa kadi kwenye kitasa chake na, badala ya kuipeleka mlango wa pili, akatoka nayo, akapita kati ya wageni waliokuwa wakijipiga picha, akaitundika kwenye kibao cha shaba cha Ofisi ya Nyumba Vuguvugu. NI ZAMU YAKO. Majirani waliiona, wote saba, na hakuna aliyeigusa.

Ilikaa pale hadi zabibu zikaiva. Nyayo nazo zilikaa kwenye ngazi, zimekauka, kila mtu akizikwepa kwa kuinua mguu. Hakuna aliyekuja kuosha.